SHULE MOJA HAISIMAMI PEKE YAKE

 

Wewe wa Nyansiongo huhitaji kufundishwa habari za majani chai. Mwenye ekari moja hawezi kujijengea kiwanda. Anachuma chake kidogo, jirani anachuma chake, na kiwanda kinasimama kwa jasho la wote. Je, shule nazo haziwezi kufanya hivyo? Zimeshafanya, tena hapa hapa Kenya. Hebu tufuatane.

Enzi za mkoloni, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari. Hapa Gusii Wakatoliki walikaa Nyabururu, Waadventista wakakaa Nyanchwa. Aliyetaka kusoma alipitia mlango wa kanisa. Kwa mzazi Mwislamu huo ulikuwa mtihani mzito, na wengi waliona heri mtoto abaki madrasa kuliko arudi nyumbani na dini nyingine.

Lakini si Waislamu peke yao waliobanwa. Mwaka 1929, huko Kati, misheni kadhaa ziliwataka waumini na walimu wao waukane ukeketaji wa wasichana. Tuseme wazi: desturi hiyo ina madhara, na sheria ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Hatuitetei. Tunachotazama ni kile walichofanya wazazi wa Kikuyu waliogombana na misheni. Waliwatoa watoto wao, wakajenga shule zao wenyewe kwa miti, udongo na michango.

Shida ikaanza hapo. Shule imejengwa, mwalimu yuko wapi? Nani atakwenda kuzungumza na serikali? Kila shule ikiwa peke yake, ofisa mmoja wa elimu angeweza kuifunga kwa barua moja tu. Ndipo mwaka 1934 ukaundwa ushirika wa shule hizo, Kikuyu Independent Schools Association, uliojulikana kwa herufi zake, KISA. Kila shule ilibaki na kamati yake na fedha zake, lakini mbele ya serikali sauti ikawa moja. Walikubali kufuata mtaala wa serikali, huku wakidai watoto wafundishwe Kiingereza mapema.

Na walimu? Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, alifungua chuo cha ualimu Githunguri. Kilijengwa kwa michango ya wananchi. Jomo Kenyatta naye, baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka 1946, aliingia katika uongozi wake. Hiyo si kazi ndogo, ndugu yangu! Watu walioitwa washenzi walikuwa wakisomesha walimu wao wenyewe.

Walikuwa na kasoro pia. Shule nyingine, za Karing'a, zilikuwa na ushirika wao kando, kwa kuwa hazikutaka kuwa karibu na serikali kama KISA. Mwaka 1952 ilipotangazwa hali ya hatari, serikali ilizifunga shule hizo nyingi, na Githunguri pamoja nazo.

Sisi Waislamu nasi tulijaribu. Mwaka 1945, mjini Mombasa, iliundwa East African Muslim Welfare Society chini ya Aga Khan wa tatu, ili kujenga shule na misikiti Afrika Mashariki yote. Mengi yalifanyika. Lakini mwaka 1968, huko Tanzania, mivutano ilizuka ndani yake, baadhi ya mikoa ikajitoa, na mwezi wa Desemba serikali ikaipiga marufuku. Tunajifunza nini? Jumuiya inaweza kuwa na mfadhili mkubwa na majengo mazuri, lakini wanachama wakigawanyika, mlango wa kuiondoa unakuwa wazi.

Usidhani jambo hili ni la maskini tu. Zile shule za kimataifa zenye karo ya kutisha nazo zina ushirika wao tangu mwaka 1969, Association of International Schools in Africa, wenye ofisi Nairobi. Humo zinafundishana kazi ya ualimu na namna ya kuwalinda watoto. Ikiwa wenye mabwawa ya kuogelea wanahitajiana, sisi wenye madrasa ya mabati tunajitosheleza kwa lipi?

Kijana mwenzangu, hapa Nyamira na Kisii sisi ni wachache. Madrasa ikimtegemea ustadhi mmoja, akihama imekufa. Basi baada ya Idi tuanze na yale yanayowezekana: mtihani mmoja kwa madrasa zote, ustadhi wa huku kumsaidia wa kule, mfuko mmoja wa kumsomesha mwalimu kila mwaka, na hesabu zisomwe mbele ya watu. Mchango uwe mdogo, lakini kila mmoja atoe. Mwenye kutoa shilingi yake huuliza imekwenda wapi, na swali hilo ndilo linaloweka ushirika hai.

Allah atukubalie funga zetu na atuunganishe katika kheri. Amin.