John Khaminwa: Wakili aliyetiwa kizuizini kwa sababu ya wateja wake

WAKILI mkongwe John Khaminwa ni miongoni mwa mawakili wachache nchini Kenya waliowahi kupokonywa uhuru wao kwa sababu ya watu waliowatetea. Alizuiliwa mara mbili, mwaka 1982 na mwaka 1990, na mara zote hakufunguliwa mashtaka yoyote.

Jambo hilo liliwezekana chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Kuanzia mwaka 1966, sheria hiyo iliipa serikali uwezo wa kumweka raia kizuizini kwa muda usio na kikomo. Hakukuwa na hakimu wa kusikiliza ushahidi wala tarehe ya hukumu. Aliyezuiliwa aliweza tu kujieleza mbele ya jopo lililoketi faraghani, na serikali haikulazimika kufuata mapendekezo yake. Njia pekee iliyomsalia wakili ilikuwa kuiomba Mahakama Kuu itoe amri mteja wake aletwe mbele ya jaji, na anayemshikilia aeleze ni kwa sheria gani.

Mapema mwaka 1982, George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki, alishirikiana na Jaramogi Oginga Odinga katika mpango wa kuunda chama kipya cha siasa. Anyona alikamatwa na kutiwa kizuizini. Stephen Muriithi, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa ujasusi na ambaye alikuwa amepinga mahakamani hatua ya kumstaafisha, alipatwa na mkasa uo huo. Wote wawili walikuwa wateja wa Khaminwa. Juni 1982 wakili mwenyewe akawafuata. Siku chache baadaye, Bunge liligeuza Katiba na kuifanya KANU chama cha pekee nchini. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1 lilimkuta Khaminwa akiwa angali kizuizini, na hakuachiliwa hadi mwaka 1983.

Ajabu ni kwamba Wakenya wengi walimjua kwa kesi isiyo ya jinai kamwe. Mwaka 1987 alimwakilisha Wambui Otieno, mjane wa wakili mashuhuri wa kesi za jinai S.M. Otieno, katika mvutano na ukoo wa Umira Kager kuhusu mahali pa kumzika marehemu. Wambui alishindwa katika Mahakama Kuu na pia katika Mahakama ya Rufaa, na Mei mwaka huo mumewe akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Mwaka huo huo wakili Gibson Kamau Kuria naye alitiwa kizuizini, baada ya kutoa notisi ya kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja waliodai kuteswa. Khaminwa alikamatwa kwa mara ya pili Julai 1990, wakati wa harakati za kudai vyama vingi, pamoja na mawakili Gitobu Imanyara na Mohamed Ibrahim. Ibrahim ndiye aliyekuja kuteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 2011.

Mamlaka ya kuwazuilia watu bila kesi yaliondolewa katika mageuzi ya mwaka 1997. Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia wakati ambapo mahakama haiketi. Kifungu cha 25 kinaitaja ile amri ya kumfikisha mtu mbele ya jaji kuwa haki isiyoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Haki iliyompeleka Khaminwa kizuizini sasa imekaa pamoja na haki ya kutoteswa.

Hata hivyo, kuandikwa ni jambo moja na kutiiwa ni jingine. Hilo lilidhihirika mwaka 2018 katika Mahakama za Milimani, zilizoko Upper Hill, mlima ambao zamani ulikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli na ambao leo umejaa majumba marefu ya ofisi. Miguna Miguna alikamatwa Februari 2, siku tatu baada ya Raila Odinga kula kiapo katika bustani ya Uhuru Park, chini kidogo ya mlima huo. Mahakama ilimpa dhamana, kisha ikaagiza aletwe mbele yake. Hakuletwa. Februari 6 alisafirishwa kwenda Kanada.

Aliporejea mwezi Machi alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Khaminwa, wakati huo akiwa na zaidi ya miaka 80, alikuwa miongoni mwa mawakili waliorudi Milimani kumtetea. Jaji George Odunga aliamuru aachiliwe, lakini akasafirishwa hadi Dubai. Machi 29 jaji huyo aliwatoza faini ya Sh200,000 kila mmoja Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali wa Polisi Joseph Boinnet na mkuu wa Idara ya Uhamiaji Gordon Kihalangwa kwa kudharau mahakama. Miguna alikanyaga tena ardhi ya Kenya Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika.