Aiskrimu ya viungo (Mafia)

Aiskrimu ya viungo ni aiskrimu ya nyumbani inayogandishwa kwa tui la nazi au maziwa na kukolezwa kwa chumvi na viungo vya mchuzi, kama bizari nyembamba, pilipili manga, tangawizi na pilipili mbuzi. Sukari huwamo, lakini kidogo. Katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, inafaa sana kutengenezwa kwa tui, kwa kuwa minazi ndiyo utajiri mkongwe wa kisiwa.

Asili

Ladha yenyewe imeitangulia friza. Embe bichi lililochanjwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga huliwa pwani nzima, na watoto wa shule ndio wateja wake wakubwa. Majokofu yalipoingia majumbani, akina mama walianza kugandisha juisi ya ukwaju, ubuyu na embe katika vifuko vyembamba vya nailoni na kuziuza barazani kwa jina la barafu; baadhi huzitia chumvi na pilipili. Hilo ndilo chimbuko la karibu kabisa la aiskrimu ya viungo, na ni chimbuko la wenyeji.

Chimbuko la pili ni kulfi, iliyoletwa na jamii za Kihindi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam: maziwa huchemshwa hadi yapungue na kuwa mazito, hutiwa iliki na zafarani, kisha hugandishwa bila kukorogwa. Mafia nayo ilikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi, hasa katika kisiwa cha Chole, ambako magofu ya hekalu la Kihindu bado yapo.

Utengenezaji

Nazi mbili zilizokomaa hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa maji ya uvuguvugu machache, lipatikane tui la kwanza, yaani tui zito. Tui la pili, lililo jepesi, huwekwa kando. Bizari nyembamba hukaangwa kwenye kikaango kikavu hadi inukie na kubadilika rangi kidogo, kisha hutwangwa. Ikiachwa ikaungua, uchungu wake hautoki tena. Tangawizi hupondwa. Pilipili mbuzi hutiwa nzima, bila kupasuliwa, na kuopolewa mapema, kwani kinachotakiwa zaidi ni harufu yake.

Tui la pili hubandikwa jikoni kwa moto mdogo pamoja na viungo, sukari, chumvi na kijiko kimoja au viwili vya unga wa mahindi uliovurugwa kwa maji baridi. Mwiko hauachwi. Mchanganyiko ukianza kushika mwiko, huongezwa tui zito, huachwa utokote mara moja tu, kisha huepuliwa. Tui zito likichemka sana hukatika, na mafuta yaliyojitenga huganda kama chembe za nta mdomoni. Ukwaju au ndimu, kama vinatumika, hutiwa baada ya mchanganyiko kupoa, kwa sababu hiyo hiyo ya kukatika. Viungo huchujwa, na chombo huwekwa penye baridi usiku kucha.

Wenye friza huutoa mchanganyiko kila baada ya nusu saa hivi na kuupiga kwa uma hadi uwe mzito, ili chembe za barafu zisikue. Wasio na friza wanaweza kutumia ndoo: sufuria ndogo yenye mfuniko huzamishwa katika ndoo ya barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, takriban kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za barafu, na kuzungushwa kwa mkono. Barafu ya samaki, inayopatikana kwenye vituo vya uvuvi, yafaa kwa kazi hii mradi ibaki nje ya sufuria. Kuila ni hatari. Njia hii ni kongwe: mashine ya mkono ya Nancy Johnson wa Philadelphia, iliyopewa hataza mwaka 1843, ilitumia barafu na chumvi vivyo hivyo.

Chumvi, sukari na pilipili

Chumvi hushusha kiwango cha kuganda kwa maji. Ndani ya ndoo, barafu yenye chumvi ya kutosha inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ndani ya aiskrimu, chumvi hulainisha: kwa uzito ule ule, nguvu yake ya kuzuia kuganda ni takriban mara 12 ya sukari, hivyo gramu 5 za chumvi hufanya kazi ya gramu 60 hivi za sukari. Bila kulijua hili, mpishi anayepunguza sukari hupata jiwe. Asali kidogo nayo husaidia.

Baridi hufifisha ladha, hivyo mchanganyiko ukiwa bado wa moto unapaswa kuonekana umekolea kidogo kupita kawaida. Pilipili ina mwenendo wake: ukali wake huyeyuka katika mafuta ya tui, ulimi hupoozwa kwanza na ubaridi, kisha moto huja baada ya kumeza. Mpangilio huu mzuri haupatikani katika barafu za maji matupu, ambazo hazina mafuta.

Uhifadhi na uuzaji

Kisiwa kimetegemea kwa miaka mingi majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya Taifa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, aiskrimu huyeyuka, na ikigandishwa upya hujaa chembe na huweza kuwa na vijidudu. Ni bora imwagwe. Kuhusu vifungashio, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia 1 Juni 2019. Kwa wauzaji, vikombe vyenye mifuniko vinavyorudishwa vinafaa kuliko vifuko vya nailoni, hasa katika kisiwa chenye Hifadhi ya Bahari (1995) na fukwe ambako kasa hutaga.

Huliwaje

Huliwa peke yake, au kijiko kimoja kando ya pweza wa kuchoma au embe bichi. Ya bizari na ndimu ndiyo inayofaa zaidi kwa samaki.