Basketi: wakati faulo ilikuwa na faida

Vijana huuliza kwa nini mchezaji aliyefanyiwa faulo anasimama peke yake mbele ya kikapu. Tuangalie historia.

James Naismith alipoanzisha basketi Marekani mwaka wa 1891, timu iliyofanya makosa 3 mfululizo, mpinzani bila kukosa, ilimpa mpinzani bao. Mtupo huru wa pointi 1 ulikuja baadaye.

Katika NBA, ligi ya wanaolipwa, adhabu hiyo haikutosha. Timu iliyoongoza ilikawiza mpira. Iliyoachwa nyuma ilifanya faulo makusudi ili mpira uirudie. Tarehe 21 Machi 1953, Boston ilishinda Syracuse 111 kwa 105 baada ya nyongeza 4. Bob Cousy peke yake alifunga mitupo huru 30. Mashabiki walikuja kuona mchezo, wakasikia filimbi.

Mwaka wa 1954 zikaja sheria mbili pamoja: sekunde 24 za kutupa mpira, na faulo 6 kwa timu kila robo. Ilipozidisha, mpinzani aliongezewa mtupo.

Ndugu zangu, adhabu ikiwa ndogo kuliko faida, kosa haliishi. Basketi ilijifunza hilo uwanjani.