Miaka Kabla ya Sheria

Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa mjini Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika gazeti la chama, Sauti ya TANU. Wakili aliyeongoza utetezi wake, D. N. Pritt, aliletwa kutoka Uingereza. Ndiye aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Pamoja naye walisimama mawakili wa Tanganyika wenye asili ya Kiasia, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Nyerere alitiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Jambo moja katika kesi ile huwa tunalipita haraka: kiongozi wa Waafrika wa Tanganyika alitetewa bila wakili Mwafrika hata mmoja.

Haikuwa bahati mbaya. Chuo cha Makerere, ambako vijana wetu wachache walifika, hakikuwa na kitivo cha sheria. Serikali ya mkoloni ilitaka walimu, matabibu na mabwana shamba. Mwanasheria Mwafrika alionekana mwanasiasa kabla hajafungua kinywa. Aliyeitaka sheria ilimbidi avuke bahari na ajue nani atamlipia.

Ndiyo maana, nchi ilipokaribia uhuru, kitivo cha kwanza cha chuo chetu kikuu kikawa cha sheria. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, masomo yalianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika 15. Miongoni mwao alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji na Waziri wa Sheria. Kwa udogo wake, kile kilikuwa chuo ambacho mwalimu anamjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa hoja zake. Lakini kilikuwa chuo cha haraka. Kijana alitoka sekondari akaingia moja kwa moja kwenye sheria, kama ilivyokuwa Uingereza. Nchi ilihitaji mahakimu na mawakili wa serikali jana, si kesho. Utaratibu ule umebaki mpaka leo: kidato cha sita, kisha sheria.

Marekani waliupanga mlango huo kwa namna nyingine. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo yaweza kuwa ya chochote: historia, falsafa, biolojia, ushairi. Baadhi huipata katika vyuo vidogo vya elimu pana, vyenye wanafunzi mia chache au elfu moja na ushee, ambako mtu hasomei kazi bali husomea kufikiri, kusoma na kubishana. Kwa mzazi wa Kondoa hilo linasikika kama anasa ya wenye nacho. Nami nilidhani hivyo, hadi nilipoifuata njia ya mtu mmoja iliyofika mpaka Nairobi.

Thurgood Marshall alimaliza mwaka 1930 katika Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kidogo cha vijana weusi ambacho Kwame Nkrumah naye alikuja kusoma miaka michache baadaye. Wanafunzi walikuwa weusi, walimu wote wazungu. Ilipoulizwa kama waajiriwe walimu weusi, wanafunzi wengi walipiga kura ya hapana, na Marshall alikuwa miongoni mwao. Langston Hughes, mshairi, aliyekuwa akisoma pale wakati huohuo, aliwabishia kwa maandishi na kwa maneno. Baadaye Marshall aligeuka, akaiunga mkono hoja aliyokuwa ameipinga. Mtu ambaye angekuja kuvunja ubaguzi wa shule nchini mwake aliwahi kupiga kura upande wa ubaguzi, na aliyemtoa huko hakuwa profesa wa sheria. Alikuwa mwanafunzi mwenzake, mwandishi wa mashairi.

Chuo Kikuu cha Maryland, nyumbani kwao, hakikupokea weusi kwenye sheria, hivyo akaenda Howard. Pale alifundishwa na Charles Houston, ambaye naye alianzia chuo kidogo, Amherst, akafundisha Kiingereza, akawa ofisa jeshini katika vita vya kwanza vya dunia, ndipo akaenda kusoma sheria Harvard. Houston aliwafundisha vijana wake kwamba kifungu cha sheria peke yake hakitoshi, lazima waijue jamii kilikotoka. Mwaka 1935 mwalimu na mwanafunzi walikishtaki Chuo Kikuu cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine mweusi, wakashinda.

Januari 1960 Marshall alitua Nairobi. Viongozi Waafrika wa Kenya, Tom Mboya akiwemo, walimtaka awe mshauri wao katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Huko aliandaa mapendekezo ya sura ya haki za binadamu, yakiwemo ya kulinda mali za watu na fidia pale serikali inapozichukua. Waliolindwa zaidi na kifungu hicho, kwa wakati ule, walikuwa walowezi na Waasia. Mtu aliyepigania wachache weusi kwao alikuja kuwatetea wachache wenye ardhi kwetu, kwa kanuni ileile.

Mpaka leo sijaamua kama alikuwa sahihi. Kanuni ilikuwa njema, lakini ardhi ya nyanda za juu za Kenya ilikuwa na historia yake, na ukilinda umiliki uliopo bila kuuliza ulipatikanaje unaweza kuulinda unyang'anyi. Elimu pana ya Lincoln ilimfundisha kuuliza maswali. Haikuweza kumpa majibu ya nchi nyingine. Hayo hutafutwa na wenye nchi.

Kwetu nako swali hili liliulizwa. Nyerere mwenyewe hakusomea sheria. Shahada yake ya Edinburgh, aliyoimaliza mwaka 1952, ilichanganya historia, uchumi wa siasa, falsafa ya maadili, elimu ya jamii za watu, na ndani yake sheria ya katiba. Na chuo cha Dar es Salaam, hasa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kilitafuta namna ya kuwapa wanafunzi wote, wa sheria wakiwemo, somo la pamoja kuhusu historia na uchumi wa jamii zetu, lililokuja kuwa taaluma za maendeleo. Kwa kuwa hatukuwa na miaka ya kuweka kabla ya sheria, tuliweka somo ndani ya sheria.

Je, lilitosha? Tazama kilichotokea Hanang, si mbali na kwetu. Shirika la NAFCO lilichukua mashamba makubwa ya ngano katika ardhi ambayo wafugaji wa Kibarbaig na wenzao waliitumia. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Moja ya sababu ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai wote walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria, na baadhi yao walitajwa kuwa na asili ya Kisomali. Swali lililoamua riziki ya watu halikuwa la kifungu. Lilikuwa la historia: nani alifika lini, akaishi na nani, akapewa ardhi kwa desturi gani? Anayejibu swali hilo vizuri ni aliyefundishwa kumsikiliza mzee, kusoma nyaraka za boma, na kujua kwa nini hivyo viwili havilingani.

Kondoa tuna letu. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu makorongo yalikuwa yameila vibaya milima ya Irangi. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yalirudi, na hilo halibishaniwi. Lakini ng'ombe aliyehamishwa alihama na mahari, na maziwa ya watoto, na hadhi ya mwenye boma. Wengine waliwapeleka kwa ndugu mbali na hawakurudi wote. Ukikaa leo kwenye baraza la ardhi utasikia madai ambayo mizizi yake iko mwaka ule, ingawa hati ya madai haiutaji.

Mimi nilianza na shahada ya historia katika chuo kidogo, na sasa niko kwenye uzamili. Mjomba wangu, mwenye shauri la mpaka wa shamba ambalo halijaisha, huniambia, "Mjomba, sheria ungekuwa umeshaimaliza." Ana haki ya kusema hivyo. Miaka hii ni ada, ni nauli, ni mvua alizolima bila mimi. Na njia ya mbele si nyepesi: mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, pale watahiniwa 26 tu kati ya 633 walipofaulu kwa mara ya kwanza. Wote hao walikuwa na shahada ya sheria mkononi.

Sisemi kila mtu apite ninakopita. Aliyeanza sheria akitoka kidato cha sita anaweza kuwa wakili bora, na nchi hii ilijengwa na wengi wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba miaka kabla ya sheria isihesabiwe kuwa imepotea mpaka tujue imeleta nini. Tasnifu yangu ni kuhusu mwaka 1979, na kwa ajili yake nimewahoji wazee ambao hakuna wakili aliyewahi kuwauliza ng'ombe wao walikwenda wapi. Nikiikabidhi, nitaomba nafasi ya sheria. Nitakaa darasani na vijana walionizidi kasi. Mjomba anajua. Amesema shauri lake halina haraka kiasi hicho, ila nisizeeke.