Kutoka Jadotville hadi Makhanda: historia fupi ya maktaba ya Hugh Tracey

Mwaka 2024 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ilitimiza miaka 70. Iko mbali nasi, Makhanda, Afrika Kusini, ndani ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Hata hivyo sisi wa Sange na Bukavu, na ndugu zetu wa Katanga na Ituri, tuna kila sababu ya kuiadhimisha, kwa kuwa inahifadhi sauti za wazee wa Kongo ambao wengi wao wamekwisha kututoka.

Mwanzilishi wake, Hugh Tracey, alizaliwa Uingereza mwaka 1903. Hakutumwa na chuo chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuja Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kufanya kazi katika shamba la tumbaku la kaka yake, na humo shambani akajifunza lugha na nyimbo za Wakaranga aliofanya nao kazi. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 wa Kikaranga Johannesburg ili warekodiwe. Tangu hapo hakupumzika. Kampuni ya santuri ya Gallo ilimuunga mkono, kisha mwaka 1954, kwa msaada wa Nuffield Foundation ya Uingereza, mkusanyiko wake ukapata makao karibu na Roodepoort. Hiyo ndiyo ILAM.

Safari inayotugusa zaidi ni ile ya 1952, alipopita Kongo ya Wabelgiji na Rwanda akiwa na vinasa sauti na jenereta. Jenereta aliiweka mbali, waya ukanyooshwa, ngurumo isije ikaingia katika rekodi. Maikrofoni aliishika mwenyewe, akiisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa mpiga ngoma. Pembezoni mwa msitu wa Ituri aliwarekodi Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti. Mjini Jadotville, Likasi ya leo, alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, sauti moja ikitembea chini na nyingine ikicheza juu yake, na akiimba kwa Kiswahili. Huyo ni Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake “Masanga” ulivuka mipaka. Wapiga gitaa wa Kenya waliuiga, mtaalamu David Rycroft akauchambua upigaji wake noti kwa noti katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe akapanda jukwaani Newport, Marekani.

Moyo wa Tracey ulikuwa kwenye muziki wa kale, na aliogopa kwamba mitindo ya kigeni ingeumeza. Namshukuru kwa kuwa hofu hiyo haikumzuia kurekodi bendi za dansi. Mwaka 1950 alikuwa Tanganyika, akairekodi Dar es Salaam Jazz Band, wakati ambapo African Jazz na OK Jazz za Léopoldville zilikuwa bado hazijaundwa. Anayetaka kujua dansi yetu ilitoka wapi hana budi kuanzia kwenye rekodi za namna hii.

Zaidi ya santuri 210 za mfululizo wa Sound of Africa, kuna ala, picha na kadi. Kadi ndizo ninazozithamini kuliko vyote: jina la mwimbaji, lugha, mahali, ala, hata vipimo vya milio ya marimba na malimba. Katika zama ambazo picha za wakoloni zilimwita mtu “mwenyeji” tu, kuandikwa jina kamili la mpiga zeze wa kijijini lilikuwa jambo zito. Hilo halifuti ukweli kwamba kazi ilifanyika chini ya bendera ya mkoloni, na wenye nyimbo hawakuamua zihifadhiwe wapi.

Tracey alifariki mwaka 1977. Mwanawe Andrew, mpiga mbira hodari, alishika uongozi na mwaka 1978 maktaba ikahamia Rhodes, katika mji ulioitwa Grahamstown wakati huo. Andrew aliilinda kwa miongo, na katika uhai wake akaona mikanda ikigeuzwa kuwa faili za kidijitali.

Katika miaka ya 2010 ILAM ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi za 1950 kwa Wakipsigis, ukiwemo ule wimbo wa mabinti wa Kapkatet kuhusu “Chemirocha”, yaani mwimbaji Jimmie Rodgers wa Marekani. Walikuta mzee aliyerekodiwa ujanani akiwa hai, wakamsikilizisha sauti yake mwenyewe. Likasi, Beni na vijiji vya Ituri vinastahili ziara kama hiyo, na kila nakala ije na kadi yake, ili wajukuu wasome majina ya mababu zao wakiwa wanawasikia.