Mzungu wa Nne

Wapo wadhanio kwamba ujuzi wa karata ni kumkodolea mwenzio macho mpaka jasho limsaliti. Dhana hiyo imeenezwa na sinema za Marekani, ambako poka ilizaliwa kandokando ya mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19. Katika poka mtu hupandisha dau, na mwenye karata mbovu aweza kushinda wenzake wakiingiwa na hofu. Mwanahisabati John von Neumann alionyesha, katika kitabu alichotoa na Oskar Morgenstern mwaka 1944, kwamba hata uongo huo una hesabu yake: asiyedanganya kamwe husomwa na kila mtu kwa dau lake.

Sisi Kisorya, tuliposubiri kivuko cha kwenda Rugezi, hatukuwa na dau. Waliofungwa waliwapisha wengine mkekani, basi. Tulicheza wahedi wa sitini, watu wanne, wawili kwa wawili, karata 40 baada ya kuondoa nane, tisa na kumi. Ree ina alama 11, saba 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Hizo ni 30 kwa kila aina. Aina nne, jumla 120. Mwenye 60 bado hajashinda. Atafute moja zaidi, ndipo apate wahedi wa sitini, ambayo kwa Kiarabu ni 61 tu.

Jina la mchezo ni Kiarabu, lakini karata zenyewe zinasema Kireno. Kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, pau ni fimbo, na turufu ni neno lao pia. Itazame kopa mkononi mwako: utaona moyo, wala si kikombe. Picha zilibadilika, majina yakabaki. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Sisemi karata zilishuka na Vasco da Gama. Wagoa nao walikuja na Kireno chao baadaye sana, na neno halibebi tarehe mgongoni. Lakini Wareno wanao mchezo uitwao sueca, wenye karata 40 zile zile na alama 120 zile zile, ambamo ghulamu humpita malkia. Shahidi gani mwingine atakiwa?

Niliwaambia wanachuo wangu wa ualimu kwamba mkono wa mpinzani husomwa vivyo hivyo: kilichofichwa hukisiwa kwa kilichoangushwa. Kila aina ina karata kumi. Kopa ikiwa turufu, nami ninazo tatu, na nne zimekwisha kuanguka, basi tatu wanazo wenzangu. Mtu akishindwa kufuata shupaza amekwisha kukiri kwamba hana hata moja, na ole wake atakayesahau. Na yule atoaye mzungu wa pili bila kulazimishwa, hali ree haijaonekana? Huyo mchunguze. Ama ameishiwa, ama anakutega.

Pale ufukweni alikuwapo mzee mmoja mvuvi aliyepatwa na mtoto wa jicho. Zake alizisogeza hadi puani. Nyuso za watu hakuziona kabisa. Kila karata ilipoanguka aliuliza, "Nini hiyo?" Zikibaki tatu tatu mikononi, humsikia akisema, "Mjomba, ree ya uru unayo wewe. Iweke hapa, tuwapishe wengine." Naye mjomba anayo. Waliofungwa walidai kwamba mwenzake humkonyeza. Kumkonyeza asiyeona!

Vijana wengi sasa husema "kingi" na "jeki". Mchezo wanaujua, ila nikiwauliza kwa nini kingi ana alama nne, hujibu kwamba ndivyo walivyokuta. Mzee yule hakuwa na haja ya swali hilo. Alipojibiwa, "Mzungu wa nne, babu," aliongeza nne kichwani, akanyoosha mkono kutafuta karata yake.