Mirongo, Miongo na Maana ya Neno "Decade"

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya neno moja la Kiingereza, yaani "decade", na jinsi istilahi yetu ya mwongo inavyoweza kumsaidia mwanafunzi na mfasiri kuikumbuka maana yake.

Jijini Mwanza kuna Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji na kuingia Ziwa Victoria. Iko pia kata yenye jina hilohilo. Hatudai kwamba jina la mto lilitokana na hesabu. Hata hivyo, sauti yake si ngeni kwa masikio ya Kibantu. Katika Kinyarwanda na Kirundi, mirongo itatu ni thelathini. Wakikuyu huyaita makumi mirongo, na Wakamba miongo. Kiswahili cha kale nacho kilihesabu mirongo miwili na mirongo mitatu, kabla ya ishirini na thelathini za Kiarabu kushika nafasi hiyo.

Huko pwani neno hili lilihifadhiwa katika hesabu ya siku. Mwaka wa Nairuzi, ambao mwanzo wake husherehekewa hadi leo kwa Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, una siku 365. Mabaharia na wakulima waliugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku 5 za ziada. Kwa miongo hiyo walijua majira ya pepo na ya kupanda.

Neno la Kiingereza asili yake ni Kigiriki "deka", maana yake kumi, nalo lilipitia Kilatini na Kifaransa. Hapo awali halikuhusu miaka, bali fungu la vitu kumi vyovyote, mathalani vitabu kumi kumi vya historia ya Livius. Wakatoliki wasalio rozari kwa Kiingereza hadi leo huliita hivyo kila fungu la Salamu Maria kumi. Wafaransa nao, katika kalenda ya mapinduzi iliyotumika toka 1793 hadi 1805, waliita "décade" kipindi cha siku kumi. Mwaka wao ulikuwa na vipindi 36 na siku 5 au 6 za ziada, hesabu inayofanana mno na ya mabaharia wetu.

Ni dhahiri basi kwamba maneno haya mawili yalianza na fungu la kumi, na yote yakaishia kwenye miaka kumi.

Jambo hili si la anasa. Umoja wa Mataifa ulipotangaza Mwongo wa Wanawake, 1976 hadi 1985, na ule wa Maji ya Kunywa na Usafi, 1981 hadi 1990, nyaraka zilihitaji neno lenye mpaka. Kuandika "miaka mingi" kungepotosha, kwani mtumishi apangaye mradi wa visima hana budi kujua kipindi kinakwisha lini.

Wapo wanaolalamika kwamba mwongo ni pia mtu asemaye uongo, na kwa hofu hiyo huandika muongo. Lakini ngeli huyatenganisha maneno hayo bila shida: miongo miwili imepita, waongo wawili wamepita.

Kwa hiyo twawashauri walimu wasimpe mwanafunzi tafsiri ya kukariri tu. Wamwonyeshe kumi iliyomo ndani ya neno la Kiingereza, kisha kumi iliyomo ndani ya neno letu. Mwanafunzi wa Mwanza, avukaye Mto Mirongo kila siku, ana kumbukumbu yake njiani.